Darasani subiri, zahanati andika

Kijana wa Mbagala au Manzese anapoingia Chuo Kikuu cha Muhimbili au cha Kairuki pale Mikocheni, tayari ana msimamo wake kuhusu dawa. Nyumbani, mtoto akikohoa, mtu hutumwa duka la dawa kuchukua vidonge vya rangi mbili. Asiyechomwa sindano huhesabu kwamba hakutibiwa.

Msimamo huo hutikiswa na somo la famakolojia. Mwanafunzi anagundua kwamba kila dawa ina madhara yake na kwamba antibayotiki haigusi virusi. Anaanza kumkataza hata mama yake. Mabadiliko ya namna hii hupimwa: mwaka 1999 Robert Horne wa Uingereza na wenzake walitoa dodoso linalouliza kama dawa huandikwa kupita kiasi na kama zinadhuru kuliko zinavyosaidia. Wengine huelekea kinyume: nchini Sweden, wanafunzi wa famasi walionekana kuziamini dawa zaidi kuliko wenzao wa fani nyingine.

Lakini mimi naamini mwalimu mwenye nguvu kuliko wote ni foleni ya zahanati.

Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014, uliwachunguza watoto 1,005 wenye homa. Takriban 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi; malaria ilikuwa kwa mmoja tu kati ya 10. Utafiti mwingine wa hapa Dar, wa mwaka 2017, ulionyesha kuwa katika huduma ya kawaida watoto wagonjwa 95 kati ya 100 waliandikiwa antibayotiki. Matabibu walipoongozwa na programu ya kompyuta ndogo pamoja na vipimo vya haraka, idadi ilishuka hadi 11 hivi, bila idadi ya waliozidiwa kuongezeka. Mwanafunzi akiwa mazoezini katika kituo chenye mazoea ya 95, mhadhara wa profesa una nafasi gani?

Tusiwaite matabibu wazembe. Nje wagonjwa wamejaa, maabara huenda haina kipimo, na hofu ya mtoto kuzidiwa usiku haimwachi mtu. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoingia katika vituo vya Dar, dawa za malaria zilipungua sana, ila antibayotiki zikaongezeka. Homa haikuwa malaria tena, na tabibu aliona lazima aandike kitu.

Antibayotiki zikiandikwa ovyo, bakteria huzizoea, na gharama yake tumeiona katika Hospitali ya Muhimbili. Kati ya watoto waliolazwa huko mwaka 2001 na 2002, wale walioambukizwa kwenye damu na bakteria wa gramu hasi walikufa kwa kiwango kilichozidi mara mbili ya kile cha wagonjwa wa malaria, na usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulihusishwa na vifo hivyo.

Ujasiri wa kutoandika hufundishwa kwa mikono. Mama amekaa na mtoto anayekohoa. Mwanafunzi anapandisha fulana, anatulia mpaka mtoto aache kulia, kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka. Kuanzia mwaka mmoja hadi kutimiza miaka 5, ni 40. Anatazama pia kama kifua kinabonyea kwa ndani. Dakika hiyo moja huwaacha wengi waende nyumbani bila antibayotiki, endapo hakuna dalili nyingine ya hatari.

Sehemu ngumu ni maneno yanayofuata. Mama atauliza, "Daktari, sasa mbona hujamwandikia dawa?" Mwanafunzi ajue kumjibu kwa heshima: "Mama, kifua chake ni kizuri, haya ni mafua ya virusi. Aendelee kunyonya. Akipumua kwa shida, akigoma kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, mrudishe hata usiku." Mkufunzi naye awe amesimama pale pale, amsikilize, na jioni wanapojadili wagonjwa amwulize kwa nini hakuandika, kwa uzito ule ule anaoulizia kwa nini ameandika.