Bakuli la Mafuta na Bara Linalopasuka

Ukurasa huu umezoea ngoma na mashairi. Leo niwieni radhi wasomaji, nawapeleka jikoni.

Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha pili, alitakiwa aonyeshe kwa vitu vya nyumbani jinsi joto linavyoendesha mabara. Alichukua bakuli la kioo lisilopasuka kwa moto, akatia mafuta ya uto, akanyunyiza bizari ili mwendo uonekane, kisha akaelesha vibao viwili vyembamba vilivyogusana. Chini yake, katikati, akawasha mshumaa. Tukangoja. Kitambo si kitambo, bizari ikaanza kupanda pale katikati. Ikifika juu yagawanyika huku na huku, ikipoa pembeni yashuka tena. Vibao vikaachana polepole, kama mashua mbili zilizofunguliwa kamba.

Babu yake aliyekuwa ameegemea mlango akauliza: "Haya ni mafuta, mjukuu wangu. Huko chini si mawe?"

Swali la mzee liliwasumbua wataalamu pia. Mjerumani Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara yalikuwa yameshikana yakaachana, lakini nguvu ya kuyaendesha hakuweza kuieleza, na wengi walimbeza mpaka akafa Greenland mwaka 1930. Mwingereza Arthur Holmes, ambaye mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini na malaria ikamwangusha, ndiye aliyeandika mwaka 1931 kwamba mawe ya chini hupata joto yakapanda, hupoa yakashuka. Hayajayeyuka. Ni kama pande la lami: ukiligonga kwa nyundo lavunjika, ukiliacha muda mrefu latambaa lenyewe.

Binti aliandika pia kwamba bakuli lake halionyeshi yote. Wajuzi wa leo wanaona nguvu kubwa zaidi ni uzito wa bamba lenyewe, ambalo likipoa chini ya bahari huzama na kulivuta lililo nyuma yake. Nasikia waamuzi wa maonyesho walimpunguzia alama, ati anaikosoa kazi yake mwenyewe! Mimi ningemwongezea.

Na habari hizi si za mbali. Bukini ilishikana na pwani yetu hii, ikaanza kujitenga yapata miaka milioni 160 iliyopita. Bahari ya Shamu yaendelea kupanuka. Bonde la Ufa laitenga Mombasa na Kisumu kwa milimita chache kila mwaka. Tena tarehe 26 Disemba, 2004, bamba lilipoteleza karibu na Sumatra, zilzala ilitokea kabla ya alfajiri kwa saa zetu, na mchana mawimbi yalikuwa yamekwisha fika Malindi. Mtu mmoja alikufa maji hapa Kenya.

Mzee akasema Subhanallah, akaomba mshumaa usizimwe kwanza. Bibi yeye alitaka kujua tu nani atakayemrudishia mafuta yake.