Mgeni wa Makbeth

PEARLAND, Texas — Mwaka 1936, Texas ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 tangu ijitenge na Mexico, waigizaji Weusi kutoka Harlem, New York, walikuja Dallas kuicheza Macbeth katika viwanja vya maonyesho vya Fair Park. Mwongozaji wao, Orson Welles, alikuwa kijana wa miaka 20 tamthilia hiyo ilipozinduliwa Harlem mwezi Aprili. Aliitoa Uskoti akaipeleka Haiti, na wachawi watatu wa Shakespeare akawazungushia ngoma za kundi la Asadata Dafora, msanii mzaliwa wa Sierra Leone. Mishahara ililipwa na serikali ya Marekani, kupitia mpango wa kuwapa kazi wasanii waliokosa ajira.

Dakika kama nne za onyesho lile zimebaki ndani ya filamu ya serikali iitwayo We Work Again. Ni hazina, na inauma kwamba hazikuwa nyingi zaidi. Hata hivyo ni kumbukumbu ya jukwaa tu. Kuigeuza tanzia kuwa filamu ni kazi nyingine, na Welles mwenyewe aliirudia mwaka 1948 kwa bajeti finyu, akapiga picha zote kwa muda usiotimia mwezi.

Swali gumu la kazi hiyo ni hili: Mfalme Duncan anapouawa, kamera iwe wapi? Shakespeare aliyaficha mauaji. Macbeth anaingia chumbani, anatoka na damu mikononi, na sisi tunabaki na mkewe akisikiliza usiku. Roman Polanski, mwaka 1971, alituingiza chumbani tuone kisu. Joel Coen naye alifanya hivyo mwaka 2021, katika filamu yake isiyo na rangi, Denzel Washington akiwa Macbeth mwenye mvi, mtu anayeona hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Akira Kurosawa alikataa. Katika Throne of Blood ya mwaka 1957 mume anaondoka na mkuki, kamera inabaki na mke aliyeketi kimya, na unachosikia ni mchakacho wa nguo zake. Kwangu mimi hakuna aliyemshinda Kurosawa, ingawa hakutumia hata mstari mmoja wa Shakespeare.

Lakini Mswahili akiitengeneza filamu hii, naamini angeanza mapema zaidi, jioni ile Duncan anapobisha hodi. Macbeth mwenyewe, kabla hajaua, anajihesabia sababu za kuacha: mimi ni ndugu yake, ni mtumishi wake, tena ni mwenyeji wake. Sababu hiyo ya tatu ndiyo inayotukata sisi maini. Tumelelewa na methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtazamaji wa Tanga au Mombasa anaweza kusikia mfalme ameuawa akasema ndiyo siasa. Mwambie mgeni amekula, ameshukuru, ametandikiwa kitanda, kisha akachinjwa na aliyemkaribisha; atashika kichwa.

Ndiyo maana naiona filamu hiyo hapa Pearland. Mji huu umejaa nyumba kubwa zenye chumba cha wageni, na wengi wa wenye nyumba hizo hupanda barabara ya 288 kila asubuhi kwenda kazini Texas Medical Center. Hamu ya kupanda cheo ndiyo iliyotuvusha bahari sisi Waswahili tuliohamia hapa, na hakuna wa kuionea aibu. Macbeth naye anaanza hivyohivyo: mchapakazi, anayesifiwa na kupandishwa cheo kwa haki. Mweke leo awe daktari au meneja, bosi wake aje kula pilau na kulala. Hahitaji ngome wala farasi. Anahitaji korido, mlango uliorudishwa bila kufungwa, na mke anayekusanya vyombo huku akisikiliza.

Maneno tunayo. S. S. Mushi aliitafsiri Makbeth, ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1968, katika miaka ileile Mwalimu Nyerere alipotupatia tafsiri zake za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Mwandishi wa skripti asiogope kukata. Hotuba ndefu za vita ziondoke, mazungumzo ya mume na mke yabaki yote. Wachawi napendekeza wapunguzwe: tukiwapa nafasi kubwa, watazamaji wetu watasema mtu wa watu alirogwa, na lawama itamtoka anayestahili kuibeba.

Kisha iko karamu, pale mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth ameamuru auawe, unapoketi kwenye kiti cha Macbeth mbele ya wageni wote. Vijana wetu wa Houston wanaopiga video za harusi wanaijua kazi hiyo kuliko wanavyodhani. Wanajua kuingia ukumbini bila kumkera mtu, na kumnasa shangazi anayemtazama bwana harusi kwa wasiwasi wakati wengine wanacheka. Waanze na tukio hilo moja: meza, wageni 20, kamera moja isiyokatwa, na kiti ambacho ni mwenye nyumba peke yake anayemwona aliyekikalia.