Kabla ya Hisa, Uliza Unga

Aliyekulia Yahuma, Kongo, hahitaji kufundishwa kwamba chikichi na sabuni ni biashara mbili. Mtengenezaji sabuni Mwingereza William Lever alipopewa ardhi za michikichi huko mwaka 1911, mafuta yalishuka mto, sabuni ikachemshiwa Uingereza. Anayetaka kununua hisa za kampuni zinazochapa vipuri vya metali aanze na somo hilohilo.

Mashine hutandaza unga wa metali tabaka jembamba, leza ikayeyusha panapohitajika, kisha tabaka jingine, hadi kipuri kikamilike. Unga huo hausagwi. Metali huyeyushwa, mkondo wake ukapigwa kwa gesi ya agoni na kutawanyika kuwa vitone. Vya leza huwa kwa kawaida mikroni 15 hadi 45, vyembamba kuliko unywele. Visipokuwa mviringo havitandazwi sawasawa, na kipuri huweza kutoka na matundu.

Mashine hununuliwa mara moja. Unga hununuliwa kila siku. Tena, kipuri cha ndege kikishaidhinishwa kwa unga fulani, kuubadili ni kuanza vipimo upya. GE, inayochapa kwa kobalti na kromi ncha ya kupulizia mafuta ya injini ya ndege ya LEAP (vipande 20 vimekuwa kimoja), iliponunua kampuni ya mashine Arcam ya Sweden mwaka 2016 ilipata pia AP&C ya Kanada, watengenezaji wa unga. Desktop Metal, muuzaji wa mashine, iliingia soko la hisa la New York Desemba 2020 kwa vifijo. Julai 2025 iliomba ulinzi wa ufilisi.

Je, Kongo inayochimba zaidi ya theluthi mbili za kobalti duniani imeshika mpini? Kwa sehemu tu. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, na Oktoba ikaweka viwango vya mgawo; bei ikapanda. Lakini bei hiyo huendeshwa zaidi na betri, maana wachapaji hutumia kiasi kidogo. Nayo kobalti ya mkoa wa Lualaba huondoka zaidi ikiwa haidroksidi, kwenda kusafishwa China.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa pesa, uliza mambo matatu: kampuni inapata wapi unga, nani ameuidhinisha, na mapato kiasi gani yanatokana na wateja wanaorudi kununua. Ikikujibu kwa picha za mashine tu, baki na pesa zako.