Mtoto Akililia Mchezo wa Mapigano
Mwanao analia umnunulie Mortal Kombat 1, mchezo wa video wa mapigano uliotoka mwaka wa 2023. Je, mzazi, utoe pesa?

Kwanza, soma kasha. Herufi M yaonya kuwa mchezo haumfai aliye chini ya miaka 17, kwani humo damu hutiririka na vichwa hukatwa. Alama hizo zilianza Marekani mwaka wa 1994, baada ya mchezo wa kwanza wa jina hilo kuzusha kelele katika Seneti.

Pili, itazame mashine iliyo nyumbani. Mchezo huu haukutengenezewa PlayStation 4. Ukiununua bila kuuliza, pesa zimekwenda na maji.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Wembe huu usubiri afike miaka 17.