Mizani ikigoma kushuka

Mtu akianza dawa ya kupunguza hamu ya kula, miezi ya kwanza humpa moyo. Sketi inalegea kiunoni, magoti yanapata nafuu, kilo zinaondoka. Kisha mizani inaganda. Wiki ya kwanza anasema labda ni hedhi tu. Ikifika ya nne anaanza kuishuku dawa. Hapo wengine humeza vidonge viwili badala ya kimoja, au huongezea majani ya chai ya kupunguza mwili waliyouziwa stendi. Naandika kwa ajili ya mtu huyo, hasa aliye huku kwetu, kuanzia Songwa na Mwadui hadi machimbo ya Geita, ambako daktari bingwa yuko mbali na duka la dawa liko jirani. Kabla hajagusa dozi, ajue kwanza kilichokwama ni nini.

Chukua mfano wa mama lishe wa Songwa aliyeanza na kilo 92 na sasa ana 84. Mwili wa kilo 84 hautumii nishati sawa na ule wa 92. Mtafiti Kevin Hall wa Marekani na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo inayopungua, mwili hupunguza matumizi yake kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, na papo hapo njaa huongezeka kwa kalori zipatazo 100. Kwa kilo nane, matumizi yameshuka kwa kalori kama 200, na njaa inadai 800 zaidi ya zamani. Si lazima dawa iwe imeisha nguvu. Sasa inazuia njaa kubwa kuliko ile iliyoikuta. Wavuta kamba kwenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu, wanaijua hali hii: mikono ni ileile, ila mfuko wa mawe unazidi kujazwa, na inafika mahali kamba inasimama.

Mahali pa kusimama hutofautiana kwa dawa. Semaglutaidi, sindano ya kila wiki inayouzwa kwa jina la Wegovy, ilipofanyiwa utafiti mkubwa uliotangazwa 2021, watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao ndani ya wiki 68, na karibu na wiki ya 60 uzito ulikuwa umeshaacha kushuka. Fentemini, kidonge kilichoruhusiwa Marekani tangu 1959, kilikusudiwa kutumika kwa wiki chache, na uwezo wake wa kuzuia njaa hufifia mapema zaidi. Kwa hiyo aliyekwama mwezi wa tatu na aliyekwama mwezi wa kumi na tano hawana tatizo moja. Sindano huanza na miligramu 0.25 na hupandishwa kila baada ya wiki nne hadi 2.4. Aliye kwenye ngazi za chini bado hajafika kwenye dozi kamili, na wa kumpandisha ni daktari.

Hakikisha pia kwamba kweli umekwama. Mizani iwe juu ya sakafu ngumu, upime asubuhi baada ya kutoka chooni na kabla ya chai, kwa nguo zilezile. Hedhi ikikaribia, au ukila dagaa wa chumvi, mwili hushika maji na kuongeza hata kilo moja au mbili zisizo mafuta. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno. Kiuno kikipungua na kilo zisipopungua, bado unasonga mbele.

Chakula ndicho kigumu zaidi kukichunguza, kwa sababu watu hukumbuka sahani na kusahau kikombe na kijiko. Mama lishe wetu anaapa kwamba anakula mara moja kwa siku, na hasemi uongo, sahani ni moja. Lakini kaa naye jikoni tangu alfajiri. Anaonja mchuzi wa maharage, mara moja, mara tatu. Chapati iliyochanika haiuziki, anaimega huku anakoroga uji. Mafuta anayamimina kwenye kikaango kwa kukadiria, na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120. Saa nne anapata chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana ni soda ya baridi, maana jua la Kishapu linachoma, na chupa ya mililita 350 ina kalori kama 150. Jioni anatafuna karanga za kukaanga akisubiri wateja wa mwisho. Gramu 60 tu zinafika kalori 340. Vyote hivyo vinaweza kuzidi ile sahani yake, na hakuna hata kimoja alichokihesabu kuwa ni chakula.

Sisemi vyakula vyetu ni vibaya. Nsansa, majani makavu ya kunde, ni mboga nyepesi. Inayoipa uzito ni karanga iliyotwangwa tunayoiungia. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa: maji yameondoka, wanga umebaki, kwa hiyo bakuli la michembe mikavu lina nishati nyingi kuliko bakuli la viazi vibichi. Ninachoshauri ni daftari. Kwa siku saba andika kila kinachopita mdomoni, pamoja na cha kuonja, bila kubadili ulaji wako. Halafu punguza kitu kimoja au viwili vilivyojitokeza, na hakikisha maharage, mayai au samaki havikosekani, kwa kuwa msuli ukipungua matumizi ya nishati nayo hupungua.

Kuna shinikizo ambalo daktari wa mjini huenda asiliulizie. "Wifi, mbona umekwisha hivyo? Umepima?" Maneno haya yanauma. Kwa miaka mingi kukonda kumehusishwa na UKIMWI na kifua kikuu, na ndugu wanaokupenda watakujazia ugali mpaka wakuone umerudi. Wengi wameanza kula tena ili wasisemwe tu. Kama inawezekana, mweleze mtu mmoja wa nyumbani kwamba unatibiwa na unafuatiliwa. Na kwa wachimbaji nina tahadhari ya upande wa pili: vumbi la mawe huongeza hatari ya kifua kikuu, hivyo anayetumia dawa hizi na kupungua huku akikohoa wiki mbili au zaidi asiisifu dawa. Aende akapime makohozi.

Halafu tazama dawa nyingine zilizomo nyumbani. Sindano ya Depo-Provera, prednisoloni, amitriptilini, insulini, na glibenklamidi ya kisukari zote zinaweza kuongeza uzito. Dolutegraviri, iliyomo kwenye vidonge vingi vya kufubaza virusi, nayo huongeza uzito kwa baadhi ya watu. Usiache hata moja kwa uamuzi wako; mpelekee daktari orodha nzima. Mwombe pia akuangalie tezi ya shingo.

Usingizi nao hupuuzwa sana, na huku watu wengi wanafanya kazi za zamu usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2010 waliwapunguzia chakula watu 10 kwa siku 14, mara wakipewa saa 8.5 za kulala, mara 5.5. Kilo zilizopungua zilikaribiana, lakini kwenye usingizi mfupi sehemu iliyotokana na mafuta ilishuka kwa asilimia 55. Kilichoondoka zaidi kilikuwa mwili usio na mafuta, ukiwamo msuli. Fentemini huchangamsha mwili, hupandisha mapigo ya moyo na inaweza kupandisha presha. Ukiimeza jioni, au ukaiongeza maradufu, unajinyima usingizi na kuuweka moyo hatarini. Zile chai na kahawa za kupunguza mwili ndizo zinanitisha zaidi. Nyingine zimewahi kukutwa na sibutramini iliyofichwa ndani, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuongeza mshtuko wa moyo na kiharusi.

Kwa wanaotumia sindano, uliza ilisafirije. Kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, wala haitakiwi kuganda. Iliyopanda basi mchana kutwa bila barafu, au iliyokaa kwenye friji isiyo na umeme, inaweza kuwa imeharibika. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama bandia ziliingia hata huko, usinunue ya mkononi isiyojulikana ilikotoka. Nunua famasi iliyosajiliwa kwa cheti cha daktari, na ukiitilia shaka toa taarifa kwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Ukimaliza haya yote ndipo uende hospitali na daftari, vipimo vya kiuno na orodha ya dawa. Mwongozo wa Uingereza kwa semaglutaidi unamtaka daktari afikirie kuisimamisha ikiwa miezi sita imepita na mgonjwa hajapunguza asilimia 5. Kwa aliyeanza na kilo 92, hiyo ni kilo 4.6. Aliyebaki kwenye 90 aambiwe wazi kwamba dawa hii huenda si yake, aache kutumia fedha ya mtaji. Lakini mama lishe aliyefika 84 ameshavuka kiwango hicho. Watu walioacha semaglutaidi baada ya utafiti ule wa 2021 walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo kwake kubaki 84 ni kazi ambayo dawa bado inaifanya. La kuzungumza na daktari ni kama presha, sukari na magoti yake yanahitaji kilo nyingine ziondoke, na kama ataweza kuilipia dawa hiyo kwa miaka.