Mfuko wa masoko yanayochipukia: uliza makato kabla ya faida

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni la matajiri wa New York na London peke yao. Lakini limekwisha kuingia katika nyumba nyingi za hapa kwetu. Ndugu zetu wengi walioajiriwa Marekani hukatwa sehemu ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya akiba ya uzeeni, kisha hupewa orodha ya mifuko ya uwekezaji wachague wenyewe fedha hizo ziwekwe wapi. Katika orodha hiyo mara nyingi umo mfuko mmoja au miwili ya kile kinachoitwa masoko yanayochipukia. Mtu huliona jina, hukumbuka nyumbani, akaweka alama ya vema. Je, amenunua nini hasa? Na kama ipo mifuko miwili yenye jina hilohilo, achague upi kwa fedha atakazozihitaji baada ya miaka 20?

Tuanze na maana. Mfuko wa pamoja ni kapu. Watu wengi huchangia, kila mmoja hupata vipande kulingana na alichotoa, na fedha zote hununua hisa za makampuni mengi kwa mara moja. Wasomaji wa Tanzania wanaufahamu utaratibu huu tangu mwaka 2005, UTT ilipoanzisha Mfuko wa Umoja. Tofauti ni kwamba kapu tunalolizungumzia leo hununua hisa za nchi ambazo uchumi wake unakua lakini haujahesabiwa kuwa umekomaa, kama vile China, India, Brazil na Afrika Kusini.

Jina lenyewe ni la biashara. Lilibuniwa mwaka 1981 na Antoine van Agtmael, aliyekuwa akifanya kazi IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na makampuni binafsi. Yeye na wenzake walitaka kuwashawishi wenye fedha waweke mitaji katika nchi za Dunia ya Tatu, wakagundua kwamba maneno hayo "Dunia ya Tatu" yanawafukuza wateja. Jina jipya likauza. Mwaka 1987 kampuni ya Templeton ilianzisha mfuko wa aina hiyo wenye dola milioni 100 chini ya Mark Mobius, na mwaka uliofuata kampuni ya MSCI ikatoa fahirisi, yaani orodha ya hisa inayotumika kupima mwendo wa masoko hayo. Orodha hiyo ilianza na nchi 10.

Sasa jambo la kwanza la kulinganisha: kilichomo kapuni. Mtu asidhani kwamba fedha zake zimegawanywa sawasawa kwa nchi zote zinazoendelea. China, Taiwan, India na Korea Kusini peke yake zimekuwa zikichukua zaidi ya theluthi mbili ya orodha ya MSCI. Kampuni moja tu ya Taiwan, TSMC, inayotengeneza vipuri vidogo vya kompyuta na simu, imefikia takriban sehemu moja katika kumi ya orodha nzima. Kutoka Afrika wamo Afrika Kusini na Misri tu. Kenya, pamoja na kampuni yake kubwa ya Safaricom, MSCI imeiweka katika orodha nyingine ya masoko machanga zaidi. Kwa hiyo ndugu yetu aliyeweka alama ya vema akifikiri anaijenga nyumbani, kwa kweli amenunua zaidi viwanda vya Asia. Si vibaya, ila ni vizuri ajue.

Isitoshe, wapimaji wenyewe hawakubaliani. MSCI imeendelea kuihesabu Korea Kusini kuwa soko linalochipukia, wakati FTSE ya London iliipandisha daraja mwaka 2009 ikaiweka pamoja na nchi zilizokomaa. Mfuko mkubwa wa Vanguard ulihama mwaka 2013 kutoka orodha ya MSCI kwenda ya FTSE, na kwa kuhama huko hisa za Korea, ikiwemo Samsung, zikatoka kapuni. Anayelinganisha mfuko huo na mwingine unaofuata MSCI, kisha akashangaa kwa nini mwaka huu mmoja umeupita mwenzake, huenda hapimi uhodari wa meneja hata kidogo. Anapima Korea.

Jambo la pili, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni makato. Kila mfuko hukata ada ya uendeshaji kila mwaka, mfuko upate faida au upate hasara. Ada hiyo hailetwi kama ankara ya umeme. Huchotwa kimyakimya ndani ya kapu, na mwenye vipande haioni. Tuchukulie dola 10,000 zinazokua kwa asilimia 8 kwa mwaka kabla ya makato. Mfuko unaokata asilimia 0.1 utampa mwenye fedha takriban dola 45,750 baada ya miaka 20. Mfuko unaokata asilimia 1.5 utampa takriban dola 35,240. Tofauti ni zaidi ya dola 10,000, yaani makato yamekula kiasi kinachozidi ule mtaji wote aliouanza nao. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; haba na haba hukikomba vilevile.

Wala tusifikiri kwamba ada kubwa ni dalili ya bidhaa bora. Kampuni ya BlackRock ina mifuko miwili ya masoko haya, ambayo vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa. Wa kwanza, unaojulikana kwa herufi EEM, ulianza mwaka 2003. Wa pili, IEMG, ulianza mwaka 2012. Mwenyewe ni mmoja, orodha zote mbili ni za MSCI, na huo wa pili una hata makampuni madogo ambayo wa kwanza hauna. Lakini katika miaka ya karibuni ule wa kwanza umekuwa ukikata takriban asilimia 0.7 kwa mwaka, na wa pili takriban asilimia 0.1. Ule wa ghali bado una wateja, hasa wafanyabiashara wakubwa wanaonunua asubuhi na kuuza jioni, ambao kwao ada ya mwaka si kitu. Anayeweka akiba ya uzeeni si mmoja wao, hivyo hana sababu ya kulipa bei yao.

Watasema wengine: lakini mfuko wenye meneja hodari anayechagua hisa moja moja unaweza kuipita fahirisi. Hoja hiyo ina uzito, kwani masoko haya yana makampuni yasiyofahamika vizuri, na mwenye macho makali anaweza kuokota lulu. Wapo waliofanya hivyo. Tatizo ni kwamba uhodari wa miaka 20 ijayo haujulikani leo, wakati ada inajulikana leo. Meneja anaweza kustaafu au kuhamia kampuni nyingine. Makato yatabaki palepale.

Jambo la tatu ni msukosuko. Kipeperushi cha muuzaji daima huonyesha mwaka mzuri. Mwaka 2009 fahirisi ya MSCI ya masoko haya ilipanda kwa zaidi ya asilimia 78, na tangazo la namna hiyo linavutia sana. Lakini mwaka uliotangulia, 2008, ilikuwa imeanguka kwa zaidi ya asilimia 53. Piga hesabu: aliyekuwa na dola 100 alibakiwa na kama 47, na baada ya sherehe yote ya mwaka 2009 alikuwa na takriban 83. Bado alikuwa na hasara. Anayesoma faida ya mwaka mmoja bila kuuliza ya mwaka wa kabla yake anasoma nusu ya barua.

Hata miaka 10 inaweza kudanganya. Kuanzia 2000 hadi 2009 masoko haya yalileta karibu asilimia 10 kwa mwaka, huku hisa kubwa za Marekani zikiishia na hasara ndogo. Watu wakakimbilia huko. Kuanzia 2010 hadi 2019 mambo yakageuka: masoko yanayochipukia yalileta chini ya asilimia 4 kwa mwaka, na hisa za Marekani zikaleta zaidi ya asilimia 13. Aliyefuata kishindo cha ngoma alifika uwanjani wachezaji wakienda zao.

Jambo la nne ni sarafu na milango. Julai 1997 Thailand iliiachia sarafu yake, baht, na kufikia Januari 1998 ilikuwa imepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola. Hata kampuni ambayo hisa zake hazikushuka bei mjini Bangkok ilikuwa imepungua nusu machoni pa mwenye dola. Septemba 1998 Malaysia iliwazuia wageni kutoa mitaji yao nchini kwa miezi 12. Na Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, MSCI iliziondoa hisa za Urusi katika orodha yake kwa bei ambayo ni sawa na sifuri. Kwa hatari za namna hii kapu pana lina faida: nchi moja ikifunga mlango, nyingine zimebaki wazi. Ndiyo sababu mfuko wa nchi moja, hata uwe na sifa namna gani, haufai kuwa tegemeo la mzee.

Tukikusanya yote, mwenye fedha za muda mrefu anayelinganisha mifuko hii aanze na makato, kisha asome orodha ya nchi na makampuni, ndipo aangalie faida ya miaka mingi, ikiwemo ile mibaya. Kama mifuko miwili ina kapu linalofanana, achukue wa bei nafuu. Kisha aweke humo sehemu tu ya akiba yake, sehemu ambayo ikipungua nusu hatalazimika kuiuza kwa hofu. Fedha za karo ya mwakani au za kumalizia paa la nyumba hazina kazi humo.

Na kwa sisi tulio huku, maswali ni yaleyale. Ukienda kununua vipande vya mfuko wowote wa hapa nchini, utaonyeshwa faida iliyopatikana mwaka jana. Isikilize kwa heshima, kisha uliza: mnakata kiasi gani kwa mwaka, fedha zangu zitanunua nini, na nikitaka kutoka nitalipwa baada ya siku ngapi? Muuzaji mwaminifu atajibu yote matatu bila kusitasita. Akianza kuzungukazunguka, jibu umekwisha kulipata.

Tukutane tena wiki ijayo panapo majaliwa.