Bahari ya magadi chini ya barafu ya Zohali

Maharage makavu ya msimu uliopita yana ukaidi wake. Unayabandika asubuhi, mkaa unakwisha, adhuhuri inafika, na gamba bado gumu. Mpishi wa Arusha au Moshi hababaiki. Anavunja kipande cha magadi, anakitia chunguni, povu linapanda, na baada ya muda maharage yanalegea. Nimekulia kwenye jiko la namna hiyo, na kwa miaka mingi nilijua magadi ni kitu cha kulainishia makande, basi. Sikuwaza kwamba kemia ya chungu kile ndiyo ingenisaidia, ukubwani, kuelewa kwa nini wanasayansi wanaitolea macho bahari iliyo zaidi ya kilomita bilioni moja kutoka hapa.

Bahari hiyo imejificha ndani ya Enceladus, mmoja wa miezi ya sayari ya Zohali. Ni mwezi mdogo. Kipenyo chake ni kilomita 504, umbali unaozidi kidogo tu barabara ya Nairobi hadi Mombasa. William Herschel aliuona kwa darubini mwaka 1789, na kwa karibu miaka 200 baada ya hapo hakuna aliyekuwa na la maana la kusema juu yake. Ni mweupe pe, hurudisha karibu mwanga wote wa jua unaoufikia, na uso wake una baridi ya nyuzi 200 hivi chini ya sifuri. Kitu kidogo hivyo, kilicho mbali hivyo na jua, kilitakiwa kiwe kimeganda hadi kwenye kiini tangu zamani.

Chombo cha anga Cassini ndicho kilichovuruga hesabu hizo. Kilirushwa Oktoba 1997 na kufika Zohali katikati ya 2004. Katika mapito ya kwanza karibu na Enceladus, kipima sumaku chake kiliona nguvu ya sumaku ya Zohali ikipinda kana kwamba imekutana na kitu hewani, wakati mwezi mdogo kama ule hauna uzito wa kushikilia hewa. Profesa Michele Dougherty wa Imperial College London, aliyeongoza timu ya kifaa hicho, aliwashawishi wenzake wakisogeze chombo karibu zaidi. Julai 2005 Cassini kilipita kilomita 173 tu juu ya mwezi ule. Kwenye ncha ya kusini kilikuta nyufa nne ndefu, kila moja kama kilomita 130, na ndani yake joto. Novemba ya mwaka huohuo picha zikaonyesha chemchemi za mvuke na chembe za barafu zikirushwa kutoka kwenye nyufa hizo hadi angani. Baadhi ya chembe huanguka tena kama theluji. Nyingine hutoroka kabisa, nazo ndizo zinazotengeneza mojawapo ya pete za Zohali.

Joto linatoka wapi, ikiwa jua liko mbali? Mtu wa pwani nusu ya jibu anayo tayari. Maji ya bahari yetu hupwa na kujaa kwa sababu mwezi unayavuta, na siku za bamvu jua nalo linaongeza mkono. Kwa Enceladus mambo yamegeuka: ni sayari kubwa inayovuta mwezi mdogo, na kinachovutwa si maji peke yake bali mwamba na barafu pia. Enceladus huzunguka Zohali kwa saa 33. Njia yake si duara kamili, kwa hiyo mara mwezi unakaribia na kuvutwa kwa nguvu, mara unajitenga na kulegea. Mwezi mwingine, Dione, huzunguka mara moja kila Enceladus anapozunguka mara mbili, na mvuto wake hauiachi njia hiyo inyooke kuwa duara. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua haraka mara 20, kisha gusa pale kwenye kona. Joto utakalolisikia kidoleni ndilo linalozuia bahari ile isigande, ila pale mkunjaji ni sayari nzima na hachoki. Vipimo vya jinsi mwezi huo unavyoyumbayumba ukizunguka, vilivyotangazwa 2015, vilionyesha kwamba ganda la barafu halikushikana na mwamba wa chini. Kati yake kuna maji, tena yamezunguka mwezi mzima.

Uzuri wa Enceladus ni kwamba huhitaji kutoboa kilomita za barafu ili kuonja maji yake. Mwezi wenyewe unayatema. Cassini kilipita ndani ya chemchemi zile mara kadhaa, na kifaa chake cha kunasa vumbi kikawa kinazigonga chembe za barafu na kusoma zimetengenezwa na nini. Mwaka 2009 timu iliyoongozwa na Frank Postberg wa Ujerumani ikatangaza kwamba ndani ya chembe hizo kuna chumvi ya kawaida, na pamoja nayo kaboneti na bikaboneti za sodiamu.

Kaboneti na bikaboneti za sodiamu ndiyo magadi. Ile ya pili ndiyo magadi soda ya dukani, inayoumulia maandazi. Zikichanganyika zenyewe ardhini na kukauka juani, zinakuwa yale mabonge ya kijivujivu yanayouzwa sokoni kwa kopo. Bahari ya Enceladus, kwa maneno mengine, haifanani sana na Bahari ya Hindi. Bahari ya Hindi ina pH ya 8 na ushei. Makadirio mengi ya Enceladus yanaanzia karibu na 9 kwenda juu, yakielekea kwa ndugu zake wa kweli walioko Bonde la Ufa: Ziwa Magadi nchini Kenya na Ziwa Natron nchini Tanzania, ambako pH hupita 10. Natron yuko jirani na Ol Doinyo Lengai, mlima unaotapika lava ya kaboneti za sodiamu, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapoa. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayofanya hivyo.

Sasa turudi chunguni, maana hapa ndipo mambo yanaponoga. Seli za gamba la haragwe zimeunganishwa na gundi ya mimea iitwayo pektini, na kinachoikaza gundi hiyo ni kalsiamu. Magadi yakiingia, kaboneti inaikamata kalsiamu na kuiondoa kwenye gundi, na gamba linaachia. Kaboneti na kalsiamu zikikutana hushikana. Hilo ndilo la kuweka kichwani. (Kwa mpishi niseme pia: magadi ya kaskazini mwa Tanzania mara nyingi huwa na floridi nyingi, inayohusishwa na meno ya watoto kuwa ya kahawia. Kipande kidogo kinatosha, na kuloweka maharage usiku kucha kunafanya kazi nzuri bila lawama.)

Kitu kilichowakosesha usingizi watafiti wa miezi ya barafu ni fosforasi. Uhai tunaoujua unajengwa kwa elementi sita kuu: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, salfa na fosforasi, na hii ya mwisho ndiyo adimu. Mwilini mwako karibu asilimia 85 yake iko kwenye mifupa na meno. Iliyobaki imo kwenye uti wa DNA na kwenye molekuli ambazo kila seli hutumia kubebea nguvu. Bila fosforasi seli haijengwi. Tatizo ni kwamba fosforasi iliyo majini, katika umbo la fosfeti, nayo inaipenda kalsiamu. Zikikutana zinakuwa jiwe na kuzama. Jiwe hilo si geni kwako, kwani ni jamii ileile ya madini yanayoufanya mfupa uwe mgumu. Ni zuri likiwa mguuni, lakini baharini linawanyima chakula viumbe wote. Kwa hiyo wengi walihofia kwamba bahari za chini ya barafu, hata zingekuwa na joto na chumvi, zingekuwa na njaa ya fosforasi.

Mwaka 2020 Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu maziwa ya magadi. Walikuwa wakitafuta jibu la swali jingine, jinsi uhai ulivyoanza hapa duniani, na Ziwa Magadi la Kenya lilikuwa mojawapo ya mifano yao. Walichokieleza ni habari ya chunguni kwa ukubwa wa ziwa. Kaboneti inawahi kuikamata kalsiamu, fosfeti inakosa mchumba, na hivyo inabaki majini ikiongezeka mwaka hadi mwaka, hadi maelfu ya mara kuliko maji ya kawaida.

Kama bahari ya Enceladus kweli ni ya magadi, basi nayo ilipaswa kuwa na fosfeti ya kumwaga. Postberg na wenzake wakarudi kwenye takwimu za zamani za Cassini, chombo ambacho kufikia hapo kilikuwa kimeshateketea, wakaanza kuchambua chembe moja baada ya nyingine. Kati ya mamia ya chembe, 9 zilikuwa na fosfeti. Kutokana na hizo walikadiria, katika matokeo yaliyochapishwa Juni 2023, kwamba fosforasi katika maji ya Enceladus ni angalau mara 100 ya ile iliyo katika bahari zetu. Ni mara ya kwanza fosfeti kuonekana katika bahari iliyo nje ya dunia. Kwangu mimi, katika yote yaliyosemwa juu ya miezi ya barafu, hili ndilo lenye uzito zaidi. Habari ya molekuli za kaboni huvutia zaidi vichwa vya magazeti, lakini kaboni haikuwa kikwazo. Fosforasi ndiyo iliyokuwa kikwazo, na kimeondoka.

Kuna chakula kingine pia. Oktoba 2015 Cassini kilipita ndani ya chemchemi kilomita 49 juu ya barafu, na Aprili 2017 ikatangazwa kwamba kilikuta gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo inaelekea kutoka chini, pale maji ya moto yanapokutana na mwamba. Hapa duniani wapo vijidudu wanaoishi kwa kuunganisha haidrojeni na kaboni dayoksaidi, wakatoa methani, wala hawahitaji jua. Hatukujua jinsi maisha ya gizani yanavyoweza kustawi hadi 1977, nyambizi Alvin ilipokuta chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari karibu na visiwa vya Galápagos, zimezungukwa na viumbe tele.

Ndiyo maana ulinganisho wangu na Natron una mwisho wake. Flamingo wa Natron ni wa waridi kwa sababu wanakula vijimea vinavyotegemea jua kali la Bonde la Ufa. Enceladus chini ya barafu ni giza totoro. Lakini kuhusu maji yenyewe, maziwa yetu yameshatoa ushahidi: magadi makali hayafukuzi uhai. Ziwa Magadi lina samaki, jamii ya perege, ambaye amelazimika kubadili hata namna ya kujisaidia. Samaki wengi hutoa uchafu wa naitrojeni kama amonia kupitia matamvua, na katika maji yale amonia haitoki kirahisi. Huyu hutengeneza urea, kama wewe na mimi.

Hakuna aliyeona kiumbe Enceladus. Methani imeonekana katika chemchemi zake, lakini mwamba na maji ya moto vinaweza kuitengeneza bila msaada wa kijidudu, na vifaa vya Cassini, vilivyobuniwa kabla ya mtu kujua kuna chemchemi, havikuwa na uwezo wa kutofautisha. Inahitajika safari nyingine.

Safari zilizopo zinaenda kwingine. Chombo Juice, cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, kiliondoka Aprili 2023 na kitafika sayari ya Mshtarii Julai 2031, kisha 2034 kianze kuuzunguka mwezi wake Ganymede. Europa Clipper cha NASA kiliondoka Oktoba 2024. Kitafika Mshtarii Aprili 2030 na kuupitia mwezi Europa karibu mara 50, mara nyingine kwa umbali wa kilomita 25 tu. Europa inaaminika kuwa na maji mara mbili ya bahari zetu zote, na sina ugomvi na safari hiyo. Ila barafu yake ni nene, na kama ina chemchemi bado kuna ubishi. Ningekuwa mimi mwenye fedha, ningeanza na mwezi unaotema maji yake wenyewe.

Machi 2024 kamati ya wataalamu wa Shirika la Ulaya ilipendekeza hivyo hivyo: chombo kirushwe mwanzoni mwa miaka ya 2040, kifike na kutua ncha ya kusini ya Enceladus katika miaka ya 2050. Cassini chenyewe kiliangushwa makusudi ndani ya Zohali tarehe 15 Septemba 2017, mafuta yalipokaribia kwisha, ili kisije kikauangukia mwezi ule kikiwa na vijidudu vya kutoka kwetu.

Asiyeweza kusubiri hadi 2050 ana njia fupi. Apande gari Mto wa Mbu, apite Engaruka hadi Ngaresero, na Ziwa Natron litakuwa mbele yake. Avae viatu, na kama ana kidonda mguuni asikanyage maji.